Niliuachia mkono wake pale sokoni

Mama, shikamoo.

Nina miaka 27, ni mhasibu kwenye duka la jumla la vifaa vya ujenzi hapa Mwanza. Kwetu ni Sengerema, na kila mwisho wa mwezi navuka kwenda kumwona mama mzazi. Nakuandikia usiku, mwenzangu wa chumba amelala. Barua hii nimeshaifuta mara mbili.

Nina mchumba, ingawa posa haijapelekwa. Ni mwalimu wa sekondari, anafundisha Kiswahili na Historia, ana miaka 32. Ni mtu mwenye ualbino.

Nilimfahamu mwaka jana kwenye kivuko cha Kigongo, daraja lilikuwa bado halijafunguliwa. Foleni ya magari ilikuwa ndefu, sisi wa miguu tumejibanza kwenye kivuli chembamba. Alivaa kofia pana na shati la mikono mirefu, simu kaishika karibu kabisa na pua. Nikamsalimia. Akaitikia, lakini macho yake yalikuwa yanacheza, hayatulii mahali pamoja. Moyoni nikasema huyu ama amekunywa, ama kuna kitu anaficha. Nimelelewa kuamini kwamba asiyeweza kukutazama usoni si wa kuaminika. Wiki mbili baadaye nikamwona Buzuruga, upande wa pili wa barabara. Nikampungia mkono, akapita zake. Nikasema kumbe na maringo anayo.

Tulipokutana tena kivukoni nilimwambia wazi. Akacheka mpaka akavua kofia. Alinieleza kwamba macho yake yanacheza tangu azaliwe, hayazuiliki, na kwamba kwa umbali ule yeye huona rangi ya nguo tu inapita, hajui aliyevaa ni nani. Miwani humsaidia kidogo. "Ukitaka nikuone," akasema, "njoo karibu." Hapo ndipo tulipoanzia.

Kabla yake nilikuwa na mwanaume mwingine, miaka mitatu. Mrefu, mtanashati, akipita mtaani watu wanageuka. Mama alimwita mkwe kabla hata hajajitambulisha nyumbani. Mwanaume huyo alinipiga mara mbili. Mara ya pili nilikwenda kazini na miwani ya jua. Alinishawishi nikope kwa jina langu akaanzishe biashara, akaondoka, akaniachia deni la shilingi 1,800,000. Nimemaliza kulilipa mwanzoni mwa mwaka huu. Kwa hiyo mama, somo nimelipata. Wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Huyu wa sasa hana sura ya kuwavutia watu, lakini ana utu. Nilipougua malaria alikuja na uji wa ulezi kwenye chupa ya chai, akakaa kibarazani saa nzima kwa sababu ndani mwenzangu wa chumba alikuwa amelala. Ananisikiliza. Kitu kidogo tu, tukikorofishana hunyamaza, hata siku nne, simu hapokei. Huwa namwacha, kwa sababu najua amepitia mengi.

Mwezi wa nane nilimwambia mama. Alikuwa anapepeta mchele. Ungo ukasimama hewani. Akaniuliza, "Yule zeruzeru?" Kumbe habari zilikuwa zimemfikia. Kisha akasema, "Mimi siwezi kuzika tena kwa sababu ile ile," akaweka ungo chini, akaingia ndani. Sikuelewa, nikachukulia ni maneno ya hasira. Baba mdogo alinipigia siku ya pili akasema nimekosa wanaume mpaka naenda kuuletea ukoo kicheko, na watoto nitakaozaa nitawaficha wapi. Mjomba naye akaongeza kwamba watu hao hata kufa hawafi, wanapotea tu. Bibi peke yake hakupinga. Aliuliza kama mchumba wangu ana afya nzuri, kisha akakaa kimya.

Sasa jambo ambalo sijamwambia mtu. Wiki tatu zilizopita tulikwenda sokoni Makoroboi kununua kitenge cha kumpelekea mama. Tulikuwa tumeshikana mikono. Mama mmoja mjamzito, amekaa na beseni lake la nyanya, alituangalia, akavuta ukosi wa blauzi yake, akajitemea mate kifuani. Watu wawili watatu wakageuka. Mama, niliuachia mkono wake. Sikuuvuta, niliuachia tu, kama mtu anayetafuta pochi. Nikatangulia hatua tatu mbele. Alinifuata, hakusema kitu, kitenge tukanunua, hata bei alipunguziwa yeye. Usiku akanitumia ujumbe: "Leo nilikuona. Ulikuwa karibu."

Baada ya hapo kimya siku nne, kisha akarudi kuongea kama kawaida. Sasa anataka mwezi wa kumi na mbili alete mshenga, ananiuliza aje au asije. Nimsikilize mama au nifuate moyo wangu? Na mtu anayeona haya kushikana mkono na mchumba wake mbele ya watu, anastahili kuolewa naye? Usinihurumie, nijibu tu.

Binti wa Sengerema, Mwanza

*

Marahaba, mwanangu. Na pole, hata kama umenikataza.

Barua yako nimeisoma asubuhi, nikaisoma tena jioni. Mtu akifunga mzigo kizito hukiweka chini, nawe la Makoroboi umeliweka chini kabisa. Umenieleza kivuko, mkopo, ungo wa mama, maneno ya baba mdogo, mpaka mwisho ndipo ukasema ulichokuja kusema. Nitaanza na hicho.

Nami nina changu. Zamani nilifundisha shule ya msingi. Darasa la tatu nilikuwa na mtoto mwenye ualbino, nikamkalisha nyuma kwa sababu alikuwa mrefu kuliko wenzake. Kila nikigeuka kutoka ubaoni namkuta ametoka mahali pake, amekuja mbele, ameinamia daftari la mtoto mwingine. Nikaona ni mtukutu na ni mwizi wa majibu. Nilimchapa, na si mara moja. Muhula mzima nilimchapa mtoto kwa kosa la kutoona ubao. Bibi yake ndiye aliyenifungua macho. Alikuja shuleni na ndizi ndani ya kapu, akasimama mlangoni, akasema kwa upole, "Mwalimu, mjukuu wangu anaomba kukaa mbele." Hakuniuliza kuhusu fimbo, na alama alikuwa ameziona. Yule mtoto sikumchukia, mwanangu. Nilikuwa nikimpa hata kalamu. Lakini nilichukua kitu nilichokiona, kusimamasimama kwake, nikakifanya ndiyo tabia yake, kama wewe ulivyochukua macho yanayocheza ukayafanya udanganyifu, na kutopungiwa mkono ukakufanya maringo. Wewe ulirudi ukamuuliza mwenyewe. Mimi ilibidi nifuatwe.

Kwa hiyo siwezi kukaa hapa nikakuhukumu kwa mkono ulioachia. Yule mama wa nyanya alifanya alichofundishwa. Wapo wanaoamini kwamba mjamzito akimtazama mtu mwenye ualbino bila kujitemea mate, mtoto wake naye atazaliwa hivyo. Ualbino hauingii kwa kutazama, hauambukizwi kwa mkono wala kwa chakula, na mate hayazuii kitu. Unayajua haya. Lakini mtu anaweza kuyajua yote na mkono wake bado ukaogopa macho ya sokoni. Uliogopa kuonekana kwa sekunde kumi namna anavyoonekana yeye tangu azaliwe. Hiyo ni haya, na haya hupungua au huongezeka kutegemea tunavyoilea.

Ila kuna kitu hukuniandikia. Hukuniambia ulimjibu nini. "Leo nilikuona. Ulikuwa karibu." Mtu aliyekufundisha kwamba ukitaka akuone usogee, amekwambia kwamba safari hii ulikuwa karibu vya kutosha, akaona. Halafu akanyamaza siku nne, halafu mkaendelea kana kwamba hakuna lililotokea. Nasoma na kurudia, sioni mahali mlipolizungumza. Pengine mlizungumza ukasahau kuniandikia. Kama bado, swali lako kwamba unastahili au hustahili umelileta kwangu ilhali mwenye kulijibu ni yeye. Mimi sikuwa mkono ule. Ukienda kumwambia, "Niliona haya, na nimejiona vibaya tangu siku ile," kuna hatari: anaweza kuumia upya, anaweza kusema hawezi kuishi na mke wa hatua tatu mbele. Anaweza pia kukwambia kitu usichokitarajia. Watu walioishi miaka 32 wakitazamwa barabarani wana maarifa juu ya haya za wengine ambayo mimi na wewe hatuna.

Sasa nikuulize kuhusu mkakasi. Methali uliyoitumia ni ya kweli, na yule mtanashati wako amekulipisha ada yake yote. Lakini angalia ulivyoigeuza. Mkakasi ni kikasha cha mti kilichonakshiwa nje, na wahenga walitutahadharisha kwamba nakshi hiyo haisemi kitu juu ya kilichomo. Wewe umeiendeleza: kama chenye nakshi kilikuwa na kipande cha mti, basi kisicho na nakshi kitakuwa na dhahabu. Wahenga hawakusema hivyo. Ukimpima mtu mwema kwa sababu hana sura, bado kipimo chako ni sura, umekishika kichwa chini tu. Yule wa kwanza hakukupiga kwa sababu ni mzuri. Huyu naye hakuleta uji wa ulezi kwa sababu ya rangi ya ngozi yake. Ameuleta kwa sababu ndivyo alivyo, au ndivyo alivyokuwa siku ile.

Na lile neno "lakini" lako. "Hana sura ya kuwavutia watu, lakini ana utu." Nimelikuta nikakaa nalo. Linafanya ngozi yake iwe deni na utu wake uwe malipo. Ndoa ni ndefu, mwanangu. Ipo siku atachoka, atakasirika, atakuwa mbinafsi kama binadamu yeyote, malipo yatakuwa pungufu. Siku hiyo utakumbuka deni? Tena sina hakika kwamba kweli unamwona hana sura. Umeniandikia alivyocheka mpaka akavua kofia, na katika barua nzima hapo ndipo ulipoandika kama mtu anayeangalia kitu anachokipenda. Labda "hana sura" ni maneno ya watu wa kwenu, na wewe umeyavaa tu kwa kuzoea.

Kitu kingine umekipitia haraka. Umesema kitu kidogo tu, mkikorofishana hunyamaza siku nne, simu hapokei. Mwanaume wa kwanza angekufanyia hivyo ungeniandikia ukurasa mzima. Huyu umemwekea udhuru: amepitia mengi. Ni kweli amepitia mengi. Ila ukimsamehe kabla hujamuuliza, humtendei kama mwanaume unayetaka kuzeeka naye, unamtendea kama mgonjwa. Huruma nayo ni pazia, kama ilivyo dharau. Siku nne za kimya zinaweza kuwa namna yake ya kujituliza asije akasema neno baya, na zinaweza kuwa namna ya kukuadhibu. Kwa mbali yote mawili yanafanana. Muulize. Muulize na mambo ya fedha pia, kwa sababu deni la yule wa kwanza nalijua mpaka shilingi ya mwisho, na la huyu hujaniambia hata kama ana mkopo wa mshahara. Mwalimu mwenye ualbino anaweza kuwa na mkopo, anaweza kuwa na mtoto wa nje, anaweza kuwa mpole au mkaidi. Kumtazama mtu kwa tabia yake ndiko huku: kumchunguza sawasawa na vile ungemchunguza mwingine yeyote, bila kumkazia wala kumlegezea.

Nije kwa mama yako, ambaye naona umemwelewa haraka mno.

Baba mdogo anaogopa kicheko. Mjomba anarudia uzushi wa kale, na uzushi huo umeua. Watu wenye ualbino wanakufa kama sisi, na wengi wao kinachowaondoa mapema ni saratani ya ngozi inayoletwa na jua. Tena aliye Kanda ya Ziwa hana sababu ya kusema "wanapotea", kwa maana anajua walivyopotea. Ulikuwa bado hujafika miaka kumi habari za mauaji zilipotanda huko kwenu na Shinyanga na Geita, kuanzia mwaka 2006 na 2007. Watu walikatwa viungo kwa sababu mganga fulani alimwambia mchimba madini au mvuvi fulani kwamba ni bahati. Mtaani wakaanza kuitwa "dili". Mwaka 2009 Waziri Mkuu wa wakati ule, Mizengo Pinda, alitokwa machozi bungeni juu ya jambo hilo, na Septemba mwaka huo huo Mahakama Kuu iliyoketi Kahama iliwahukumu watu watatu kunyongwa kwa kumuua mtoto wa kiume. Januari 2015 serikali ikatangaza kuwapiga marufuku waganga wapiga ramli. Watu wakadhani yamekwisha, hadi mwaka 2024 mtoto mdogo kabisa alipochukuliwa na kuuawa Muleba, Kagera.

Mama yako ameishi miaka hiyo yote upande wa pili wa ghuba. Kwa hiyo aliposimamisha ungo na kukuambia hawezi kuzika tena kwa sababu ile ile, mimi sikusikia hasira. Nilisikia neno "tena". Lisome mwenyewe. Halafu unganisha na bibi yako aliyeuliza kama mwenzako ana afya, kisha akanyamaza. Hilo si swali la mtu anayecheka sura. Linaulizwa na mtu aliyewahi kuuguza. Inawezekana nimekosea, mimi niko mbali na sikuwapo jikoni. Lakini inawezekana pia kwamba kwenu kuna mtoto, au ndugu wa mama, aliyezaliwa na ualbino, ambaye hamkuwahi kuambiwa. Nyumba nyingi zinaye.

Nalitaja kwa sababu mbili. Ya kwanza ni yenu wawili. Mtoto huzaliwa na ualbino pale tu anapopokea chembe ya urithi hiyo kwa baba na kwa mama, pande zote. Mwenye chembe moja haonyeshi dalili yoyote, ngozi yake ni kama yako. Kwa Tanzania makadirio yanayotajwa mara nyingi ni mtoto 1 kati ya 1,400, na kwa hesabu hiyo mtu 1 hivi kati ya 19 anaibeba bila kujua. Mwenzako anazo mbili, kwa hiyo kila mtoto wake atachukua moja. Kama wewe huna, hamtazaa mtoto mwenye ualbino. Kama unayo, na ni ya aina ile ile, kila mimba ni nusu kwa nusu. Sasa ikiwa aliyezikwa alikuwa mtoto wa mama yako, ndugu yako wa baba mmoja na mama mmoja, uwezekano kwamba unaibeba ni 2 kati ya 3. Akiwa ndugu wa mama yako, ni kama 1 kati ya 3. Daktari wa Bugando atawaeleza vizuri kuliko mimi, nendeni wawili. Sisemi haya ili uogope kuzaa. Mtoto huyo, akija, atahitaji kofia, nguo za mikono mirefu, mafuta ya kukinga jua na kupimwa ngozi mara kwa mara. Hospitali ya KCMC kule Moshi wana kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi tangu mwaka 1992, na mafuta ya jua yamekuwa yakitengenezwa huko kwa ajili ya watu hawa. Atahitaji kukaa mbele darasani. Akipata hayo anasoma kama watoto wengine. Lindi Mjini walimchagua Salum Khalfani Barwany, mwenye ualbino, kuwa mbunge mwaka 2010, na Dk. Abdallah Possi, naye mwenye ualbino, aliwahi kuwa naibu waziri, kisha balozi Ujerumani. Ila hutaweza kumfungia ndani asitazamwe. Kila siku ya soko itakuwa Makoroboi, na safari hiyo mkono utakaokuwa umeushika utakuwa mdogo.

Sababu ya pili ni mama mwenyewe. Umeniuliza umsikilize yeye au ufuate moyo wako, kana kwamba mama amekataa sura na wewe umechagua utu, basi. Je, kama naye hakukataa sura? Neno alilotumia, zeruzeru, ni baya, na wewe unayo haki ya kumwambia hulitaki nyumbani kwako. Lakini nawe umemhukumu kwa neno lililotoka mdomoni, hukungoja kuona lililokuwa nyuma yake.

Mnaweza kwenda mbele kwa njia kadhaa, na kila moja ina gharama. Ukimwambia aje na mshenga mwezi wa kumi na mbili kabla hujakaa na mama, utakuwa umemleta kwenye nyumba ambayo baba mdogo ameshajiandaa kumdhalilisha, naye ataona kama atasimama peke yake tena. Lakini pia kuna wazazi ambao hawajui wanachokiogopa mpaka kikae sebuleni, kinywe chai, na kiulize habari za mavuno. Nimewaona wakilainika kwa kikombe kimoja. Ukimwomba asubiri, utapata muda wa kuzungumza na watu wako, ila baada ya mkono ule ombi la kusubiri anaweza kulisoma vingine, na hutaweza kumlaumu. Mnaweza kufunga ndoa bila baraka za nyumbani, una miaka 27, sheria haikuzuii, wapo waliofanya hivyo wakasimama imara, na wapo ambao kila ugomvi mdogo uliwarudisha kwa "nilimwacha mama yangu kwa ajili yako." Na unaweza kuachana naye. Nalisema kwa sababu barua yako inalikwepa. Ukigundua kwamba haya hiyo haipungui, kwamba miaka kumi ijayo bado utakuwa unatafuta pochi, kumwachia mtu huyo nafasi ya kupendwa bila hatua tatu si ukatili. Ila hakikisha ni wewe uliyeona hivyo, si yule mama wa nyanya.

Mimi sijui ipi ni yenu. Nijuavyo ni kwamba hujazungumza na watu wawili, na wote wawili walikwambia sentensi moja fupi kisha wakanyamaza. Mwenzako alikuandikia. Mama aliweka ungo chini.

Kile kitenge umesema mlimnunulia, hujasema kama umempelekea. Nenda nacho mwisho wa mwezi huu. Usianze na habari za mshenga wala mwezi wa kumi na mbili. Msaidie mchele, mngoje baba mdogo aondoke, kama bibi yupo naye akae. Kisha mwambie mama kwamba siku ile alisema "tena", na wewe hukumsikia vizuri. Akilia, usimnyamazishe. Akikwambia ni nani, muulize alikuwa anaitwa nani.